Nawabu Siddiq Hasan Khan wa Bhopal: Lakabu Aliyovikwa na Lakabu Aliyovuliwa

Mwenye kufungua vitabu vya Sayyid Siddiq Hasan Khan wa Bhopal, Mwenyezi Mungu amrehemu, hukutana na jambo la kumtatiza kabla hajafika ukurasa wa pili: mwandishi ni mmoja na majina ni mengi. Kitabu kimoja kimemwita Siddiq bin Hasan al-Qannawji. Cha pili kimemwita Muhammad Siddiq Khan al-Husayni al-Bukhari. Cha tatu kimemtanguliza kwa Nawabu Walajah Amirul-Mulk. Asiyejua khabari zake huenda akadhani kuwa hawa ni watu watatu. Sisi twaona ni vizuri kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu huyu kwa njia ya majina yake, kwani karibu kila moja katika hayo lina ugomvi nyuma yake, na ugomvi mmoja ulifika mpaka kwenye meza ya serikali ya Kiingereza katika Bara Hindi.

Kwanza tulieleze neno lenyewe. Nawabu ni neno la Kiarabu lililopita mikononi mwa Waajemi na Wahindi. Asili yake ni naibu, neno tulitumialo sisi kila siku, likatiwa katika wingi kwa ajili ya kutukuza, kama kwamba mtu mmoja amekuwa manaibu wengi. Wafalme wa Mughal waliokuwa wakitawala Delhi waliwaita hivyo magavana wao wa majimbo. Dola ya Mughal ilipodhoofika katika karne ya kumi na nane, manaibu hao walijikalia na majimbo yao na kuyarithisha watoto wao, na lakabu ya mtumishi ikawa lakabu ya mtawala. Walipokuja Waingereza hawakuziondoa lakabu hizi. Walizishika wao wenyewe. Wakawa ndio wenye kuthubutisha nani ni Nawabu na nani siye, nani aitwe Mtukufu na nani asiitwe, na kila mtawala akapigiwa idadi maalumu ya mizinga anapoingia mjini, kuanzia tisa mpaka ishirini na moja. Wafalme walishindana kwa ajili ya mizinga miwili kuliko walivyoshindana kwa ajili ya mashamba. Mambo haya yaliendelea hata baada ya uhuru wa India, mpaka serikali ya nchi hiyo ilipobadilisha katiba yake mwaka 1971 na kuacha kuzitambua lakabu hizo zote pamoja na mafungu ya fedha yaliyofuatana nazo.

Ama Siddiq Hasan, yeye hakuzaliwa Nawabu. Alizaliwa mwaka 1832 katika mji wa Bareilly kwa jamaa za mamake, na kwao hasa ni Kannauj. Ukoo wake ni wa Masayyid, wenye kuhesabu nasaba yao kwa Sayyid Jalaluddin al-Bukhari, yule walii wa mji wa Uch aliyekuwa mashuhuri kwa safari zake nyingi. Kwa hiyo aliposema al-Husayni al-Bukhari alikuwa akitaja nasaba, na aliposema al-Qannawji alikuwa akitaja mji. Lakini hili la Khan latoka wapi? Sayyid hana haja ya kuitwa Khan. Jibu ni kwamba babu yake, Sayyid Awlad Ali, alikwenda Hyderabad kumtumikia Nizam, akapewa ardhi kubwa yenye mapato mengi na lakabu ya Anwar Jang Bahadur. Babu huyo alikuwa katika madhehebu ya Shia. Mwanawe, Sayyid Awlad Hasan, alikwenda Delhi kusoma kwa wana wa Shah Waliyyullah, akaiacha Shia akawa Sunni, kisha akamfuata Sayyid Ahmad wa Rae Bareli katika mwito wake. Na babake alipokufa, Awlad Hasan alikataa kuupokea urithi wa Hyderabad. Aliiacha ardhi, akaiacha lakabu, akarudi Kannauj kuwasomesha watu dini yao. Twawaomba wasomaji walishike jambo hili, kwani mwanawe alilijua sana, na alilitaja katika vitabu vyake kwa fakhari.

Awlad Hasan alifariki Siddiq akiwa mtoto wa miaka mitano. Nyumba haikuwa na kitu. Mama alimlea yeye na ndugu zake kwa shida, na urithi wao ulikuwa ni vitabu vya baba. Alipokua alikwenda Delhi akasoma kwa Mufti Sadruddin, aliyekuwa hakimu mkubwa wa mji na mshairi, akapata ijaza yake. Kisha ikambidi atafute chakula. Kannauj ni mji wa marashi tangu zama za kale. Watu wake hukamua mafuta ya waridi na ya maua mengine na kuyatia katika mafuta ya msandali, na bidhaa hiyo huenda mbali. Basi kijana huyu, karibu na mwaka 1854, alifika Bhopal katikati ya Bara Hindi akiuza marashi. Huo ndio mlango aliouingilia mji ambao baadaye angepigiwa mizinga ndani yake. Alipata kazi ndogo ya uandishi katika dola, akaipoteza kwa sababu ya mabishano ya kidini na mmoja wa wanavyuoni wa hapo, akatoka, akapatwa na taabu za ule mwaka 1857 wa maasi makubwa, akafika Tonk, kisha akaitwa tena Bhopal aandike tarehe ya nchi. Aliyemshika mkono alikuwa Waziri Mkuu, Munshi Jamaluddin, mtu mcha Mungu, aliyemuoza binti yake Zakiya mwaka 1860.

Lazima hapa tusimame kidogo juu ya Bhopal, maana pasipo hivyo khabari iliyobaki haitafahamika. Ufalme huu ulijengwa na Dost Muhammad Khan, Mwafghani aliyekuja Bara Hindi kutafuta riziki kwa upanga, mwanzoni mwa karne ya kumi na nane. Karne moja baadaye ulikuwa mikononi mwa wanawake. Qudsiya Begum aliushika tangu mwaka 1819 kwa niaba ya binti yake Sikandar. Sikandar akaolewa na Jahangir Muhammad Khan, na ikafahamika kuwa mume ndiye atakuwa Nawabu. Ndoa hiyo ilikuwa vita, na si kwa maneno tu: mume aliwahi kumpiga mkewe kwa upanga, na majeshi ya pande mbili yalipigana. Alipokufa Jahangir mwaka 1844, Sikandar alishika dola kwa niaba ya binti yake mdogo, Shah Jahan, na akaapa kuwa mambo haya hayatarudi. Mwaka 1855 Waingereza walikubaliana naye kwamba atakayemuoa Shah Jahan atakuwa Nawabu kwa jina, wala hatakuwa na amri yoyote katika nchi. Na mwaka 1860 Sikandar mwenyewe alikubaliwa kuwa mtawala kwa haki yake, binti akingojea zamu yake. Basi katika Bhopal kukawa na namna mbili za Unawabu: wa mwenye nchi, nao ni wa mwanamke, na wa mumewe, nao ni wa heshima tu. Lakabu ya mume ilikuja kwa ndoa, na haikuwa na mizizi katika ardhi.

Sikandar alikufa mwaka 1868. Shah Jahan akashika nchi akiwa mjane, kwani mume wake wa kwanza alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Siddiq Hasan alikwenda Hija mwaka uliofuata. Katika safari hiyo alipitia Hudayda katika nchi ya Yemen, na alinakili vitabu kwa mkono wake hata chomboni, akarudi na shehena ya maandiko ya wanavyuoni wa Yemen, na khasa ya Imamu ash-Shawkani. Aliporejea alipandishwa cheo mpaka akawa mkuu wa waandishi wa Begum. Na mwaka 1871 Begum akamuoa, au tuseme kama isemavyo sharia, yeye akamuoa Begum.

Ndoa hii iliwaudhi wengi. Katika Bara Hindi ya siku hizo, wakubwa wa Kiislamu walikuwa wameshika ada ya majirani zao kuona ni aibu mjane kuolewa tena, ijapokuwa wajua wazi kuwa dini yao imeihalalisha na kuipendekeza. Watu wa mwito wa islahi walikuwa wakiipiga vita ada hiyo kwa miaka hamsini. Kwa upande huu Begum alifanya jambo jema na la ushujaa. Lakini wenye nasaba za Kiafghani walitazama upande wa pili: karani, aliyekuja na chupa za marashi, amelala katika kasri. Wawakilishi wa Waingereza waliikubali ndoa, na mwaka 1872 Siddiq Hasan alivikwa kanzu ya heshima na kupewa lakabu ya Nawabu Walajah Amirul-Mulk pamoja na mizinga kumi na saba. Walajah ni Kiajemi, maana yake mwenye daraja ya juu. Lakabu hiyo ilikwisha kuchukuliwa zamani na Nawabu Muhammad Ali wa Arcot, rafiki na mdeni wa Waingereza. Mtoto wa yule aliyekataa Anwar Jang sasa alikuwa na lakabu tatu kwa mkupuo mmoja.

Je, alizipenda? Sisi twaona alizipenda, wala hatuoni sababu ya kumficha. Alizikubali zikatiwa juu ya vitabu vyake, na vitabu hivyo vilikwenda Makka, Misri na Istanbul. Lakini mtu wa haki ataangalia pia alichokifanya kwa mali iliyokuja pamoja nazo. Alipiga chapa, kwa gharama yake na ya mkewe, vitabu ambavyo ulamaa wengi walikuwa wakivisikia kwa majina tu. Fathul-Bari ya Ibn Hajar, ile sherehe kubwa ya Sahihi ya Bukhari, ilitoka kwa msaada wake katika matbaa ya Bulaq huko Misri, na kadhalika Naylul-Awtar ya ash-Shawkani. Vilikuwa vikitolewa bure kwa wanafunzi. Yeye mwenyewe aliandika kwa lugha tatu, Kiarabu, Kiajemi na Kiurdu, vitabu vinavyopita mia mbili, vikubwa na vidogo. Tafsiri yake ya Qur'ani, Fathul-Bayan, na kitabu chake cha elimu zote, Abjadul-Ulum, vingali vyasomwa. Kweli, mwenzake mmoja mkubwa, Mawlana Abdul-Hayy wa Lucknow, alimshika kwa makosa mengi ya tarehe za vifo vya wanavyuoni, wakaandikiana vitabu vya ukali. Wengine walisema kuwa aliwalipa maulamaa wamwandikie. Kuhusu tarehe, Abdul-Hayy alikuwa na haki. Mtu aandikaye kwa haraka ile hukosea. Kuhusu hili la pili, mwenye kuvisoma vitabu vile husikia sauti ya mtu mmoja, hata pale anapowanukulu wengine kurasa nzima.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Shah Jahan alikuwa na binti mmoja, Sultan Jahan, mrithi wa ufalme, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu hivi mamake alipoolewa tena. Mama aliingia nyuma ya pazia, akawa haonekani barazani kama zamani. Mkono wa Siddiq Hasan ukazidi kuonekana, na binti akajiona anasukumwa. Sultan Jahan alikuja kutawala tangu mwaka 1901 mpaka mwaka 1926, akaandika khabari za maisha yake, na humo amemlaumu baba wa kambo kwa kila ubaya uliowafarikisha yeye na mamake. Upande wa pili uliandikwa na mwana wa Siddiq Hasan, Sayyid Ali Hasan Khan, katika kitabu cha sira ya babake, naye amemsafisha kabisa. Twamsadiki nani? Kila mmoja ni shahidi aliye na haki yake ya kudai. Lililo wazi ni kwamba mama na binti waliishi miaka mingi katika mji mmoja pasipo kutembeleana, na mjukuu Bilqis, aliyelelewa na nyanya, alipokufa akiwa bado msichana mdogo, msiba wake haukuwapatanisha.

Sasa twafika kwa Sir Lepel Griffin. Huyu alikuja Bhopal na majimbo ya jirani mwaka 1881 akiwa mjumbe wa Gavana Mkuu, na ni mtu aliyejitapa kwa kuzijua nasaba: alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya koo za wakubwa wa Punjab, nani mwana wa nani na nani mwenye haki ya kuitwa nani. Hakupendezwa na Begum aliye nyuma ya pazia na mume aliye mbele yake. Alikusanya mashtaka. La kwanza ni kwamba Siddiq Hasan amejiingiza katika hukumu ya nchi na hali lakabu yake ni ya heshima tu, na kwamba kodi za ardhi zimewaelemea wakulima. La pili ni kwamba vitabu vyake vina maneno ya jihadi, na khasa katika mkusanyo mmoja wa hotuba za Ijumaa. Ilikuwa ni miaka ya Mahdi wa Sudan. Mwanzoni mwa mwaka 1885 Gordon aliuawa Khartoum, na kila Mwislamu aliyeandika kwa Kiarabu na kupelekewa barua kutoka Hijazi alionekana kuwa ni fitina inayongoja siku yake.

Mwaka huo huo wa 1885 Griffin aliitisha baraza Bhopal. Mbele ya wakubwa wa dola ilisomwa amri kuwa lakabu za Nawabu, Walajah na Amirul-Mulk zimefutwa, mizinga imeondolewa, na mtu huyu asitie mkono katika jambo lolote la serikali. Shah Jahan, mtawala wa nchi, alikuwapo nyuma ya pazia lake akisikia mumewe akivuliwa jina. Baadaye akawekewa Waziri Mwingereza. Aliandika malalamiko baada ya malalamiko kwenda Calcutta, na hoja yake, kwa maana yake, ilikuwa nyepesi: mume wa mtawala ana daraja ambayo haiwezi kutengwa na daraja ya mkewe, na kumdhalilisha mmoja ni kumdhalilisha mwingine. Hoja ya Griffin ilikuwa kinyume chake: lakabu hii haikurithiwa wala haitarithiwa, ilitolewa na serikali, na aliyetoa aweza kutwaa. Kwa kanuni za dola ile, twaogopa kuwa Griffin alikuwa karibu zaidi na maandishi. Mapatano ya mwaka 1855 yenyewe, aliyoyataka Sikandar ili kumlinda binti yake na ujabari wa mume, ndiyo yaliyomwacha mume huyu bila ngao.

Lakini kuhusu uasi, hapo hatukubaliani naye. Siddiq Hasan alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha Kiurdu, kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1884, akieleza kuwa yeye si mfuasi wa watu wa Najd, na kuwa kupigana na serikali iliyowapa watu amani si halali. Alilikataa humo jina la Wahabi ambalo wapinzani walimbandika yeye na wenzake wa Ahlul-Hadith. Hilo nalo ni jina ambalo hata sisi wa pwani hatuhitaji kufasiriwa jinsi linavyotupwa. Basi tazameni hali ya mtu huyu: jina alilolipenda alinyang'anywa kwa amri, na jina alilolichukia hakuna amri iliyomwondolea. Wenzake ndio walioendelea kuiandikia serikali, na mwishoni mwa miaka ya 1880 ikakubali kuacha kulitumia neno hilo katika makaratasi yake.

Miaka mitano iliyobaki aliishi kando ya dola. Waliokuwa wakijaa mlangoni pake walipungua. Aliandika tawba yake na maisha yake, akasahihisha vitabu, na akageukia zaidi maneno ya watu wa Mungu waliotangulia. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ni kukifasiri kwa Kiurdu kitabu cha mawaidha cha Sheikh Abdul-Qadir al-Jilani, jambo ambalo wale wamdhaniao kuwa adui wa mawalii wangefanya vizuri kulijua. Maji yalimjaa mwilini, akafariki usiku wa kuamkia tarehe 29 Jumada ya Pili mwaka 1307, yaani Februari 1890.

Watu waliokuja kumsalia walikuwa wengi hata sala ya jeneza ikasaliwa mara tatu. Serikali ilitoa ruhusa azikwe kwa gwaride na heshima za wakubwa wa dola, kana kwamba lakabu zake hazijaguswa. Lakini alikuwa ameacha wasia azikwe kwa Sunna tu, na mkewe akautimiza. Shah Jahan alitawala miaka kumi na mmoja baada yake. Alianza kuujenga msikiti mkubwa wa Tajul-Masajid, akafa kabla haujakamilika. Wala hakuacha kuandika barua zake Calcutta. Mwisho wa Dhul-Hijja ya mwaka ule ule, miezi sita tangu mazishi, ilikuja amri kwamba katika makaratasi ya serikali marehemu aandikwe tena Nawabu.